Mafuta Tu

Kabati la dawa lilikataa kwa mara ya tatu saa tatu na nusu asubuhi, na kama kawaida yake lilikataa kwa adabu.

"Samahani, daktari," Sauti ilisema kutoka ukutani. "Moto wa mgonjwa ni mbili nukta tano. Dawa za ukoo wa Tulizo hutolewa kuanzia sita. Endelea na maji na dawa za kuua bakteria, kisha upime tena baada ya dakika sitini."

"Baada ya dakika sitini huyu atakuwa chumba cha maiti."

"Samahani, daktari."

Nimefanya kazi chini ya mabosi wenye kiburi, na mwaka wa sita huu nafanya kazi na Sauti, mashine inayoshika funguo za dawa. Heri bosi. Bosi unaweza kumkasirisha, na wewe ukapata nafuu kidogo.

Mgonjwa alikuwa kitanda cha nne. Melania Nyaulingo, miaka arobaini na mbili, mkulima wa parachichi nje kidogo ya mji wa Makambako. Kwao wanamwita Mama Winfrida. Siku nne kabla, Jumamosi, mkasi wa kupogolea ulimteleza ukamkata muundi wa mguu, jeraha la urefu wa kidole. Alilisafisha kwa maji ya chumvi, akalifunga kitenge, akarudi mtini. Jumatano saa moja asubuhi mumewe alimleta amembeba mgongoni kutoka getini, miguu yake ikiburuzika. Sasa presha yake ilikuwa sabini kwa arobaini na ilizidi kushuka, ingawa tulikwisha kumtilia lita tatu za maji kwenye mishipa. Bakteria walikuwa wamejaa damuni. Hilo halikuwa na ubishi.

Kwenye mkono wake wa kushoto alivaa bangili ya Kipimamoto, kama kila mgonjwa anayeingia wodini kwetu na maambukizi makali. Kila baada ya dakika tano bangili huonja tone la damu, huhesabu wajumbe wa vita ambao mwili unawatuma, kisha hutoa namba kati ya sifuri na kumi. Watu wengi hudhani ni vijidudu peke yake vinavyoua. Mara nyingi ni mwili wenyewe, umekasirika kupita kiasi, unachoma nyumba ili kumuua panya. Moto ukivuka sita, kabati linafunguka, tunachoma sindano ya Tulizo, na mtu aliyekuwa anakwenda anarudi. Wagonjwa wanaiita zimamoto.

Moto ukiwa chini ya sita, kabati halifunguki. Ukiuzima moto mdogo unamnyang'anya mlinzi rungu wakati wezi wamekwisha kuingia ndani. Naijua sababu ya kufuli hilo kuliko wengi. Kulikuwa na mwaka ambao dawa hii tuliigawa kama peremende, kila mwenye homa kali alipata. Mimi kwa mkono wangu nilimchoma Mwalimu Oberlin Sanga, mtu wa vichekesho, mwenye nimonia. Siku ya pili alikaa kitandani akaomba ugali. Siku ya tisa kifua kikuu kilichokuwa kimelala mwilini mwake miaka thelathini kiliamka, hakikukuta mlinzi, na kikammaliza. Mjane wake aliniuliza tulimpa nini. Hakuna aliyekuwa amemwambia. Kwa hiyo sikuwa na haki ya kulitukana kufuli, na nililitukana tu kwa sababu nilikuwa na hofu.

Kilichonitia hofu zaidi kilikuwa jeraha lenyewe. Nilikifungua kitenge nikakuta jeraha lenye adabu kama Sauti. Halikuvimba. Halikuwa na wekundu wala usaha. Joto la mgonjwa lilikuwa thelathini na sita na nusu. Jeraha la siku nne lililokwisha kupeleka bakteria damuni linapaswa kupiga kelele, na hili lilikuwa limenyamaza. Ngozi ya muundi ilikuwa nyembamba kama ganda la ndani la kitunguu, mishipa inaonekana.

Mumewe, Kastori Mwalongo, alikuwa amesimama upande wa kichwani, kofia mkononi. Pembeni yake alikuwa dada yake, Eufrasia, yaani wifi ya mgonjwa, mwanamke mrefu mweusi aliyevaa sweta la sufu. Huyo tangu aingie hakuwa amesema neno zaidi ya salamu.

"Kamwene, daktari," Kastori alianza upya, kana kwamba hatukuwa tumesalimiana mara mbili. "Naona amepauka. Hii si rangi yake. Rangi yake ni nyingine kabisa, ungemwona wakati wa Pasaka, amevaa ile gauni ya bluu. Watu kanisani hugeuka."

"Nitamwona Pasaka ijayo," nilimwambia. Nilitazama mikono ya mkewe juu ya shuka. Uso wa mgonjwa ulikuwa mwororo, wa njano ya papai. Vifundo vya vidole vilikuwa vyeusi. Mtaani wana msemo wao wa kejeli: uso soda ya chungwa, vidole kola. Niliwahi kuucheka. Niliwaomba Kastori na Eufrasia watoke kidogo nimpime, nikavuta pazia.

*

"Mama Winfrida, unanisikia?"

"Nakusikia."

"Unatumia dawa yoyote?"

"Hapana. Ile mashine imeniuliza, nimeijibu."

"Hata ya presha? Ya uzazi wa mpango? Ya kienyeji?"

"Mimi si mtu wa dawa, daktari. Waulize nyumbani. Hata kichwa kikiuma nalala tu."

Hakuwa anadanganya, na ndiyo sababu bangili, ambayo husikiliza na mapigo ya moyo mtu anapojibu, haikuona kasoro. Nilikishika kidole chake cha kati, nikakigusa kifundo.

"Unapaka nini?"

Alikikunja kidole.

"Mafuta tu."

"Mafuta gani?"

"Mafuta, daktari. Ya kupaka."

"Ya dukani au ya kukorogewa?"

Alifumba macho. Machozi yalitoka chini ya kope na yeye hakuwa na nguvu ya kuyafuta, nikayafuta mimi.

"Niapie kwanza," alinong'ona. "Niapie hutamwambia Kastori."

Nilikuwa na haraka, presha ilikuwa sitini na nane, na nilitaka jibu. "Nakuahidi," nikasema. "Sitamwambia."

Basi akaniambia. Mkorogo, mafuta ya kujichubua ngozi iwe nyeupe. Asubuhi na jioni, uso, mikono, miguu, mwili mzima, tangu kabla hajaonana na Kastori. Winfrida, binti yao, ana miaka kumi na minane. Jumamosi alipoumia mguu hakuweza kuinama, na kopo lilikuwa limebaki makombo, kwa hiyo hakupaka tena. Nilimuuliza nani anamkorogea, akatikisa kichwa.

"Kastori anajua ndivyo nilivyozaliwa," alisema. "Siku ya harusi alisimama mbele za watu akasema Mungu amempa mwanamke wa nuru. Bora nife, daktari. Sikutanii. Bora nife kuliko Kastori ajue."

Kila kitu kilikaa mahali pake. Juu ya kila figo kuna tezi ndogo iliyokaa kama kofia, na kazi yake mojawapo ni kutengeneza homoni ya kuhimili shida. Mkorogo una steroidi kali, binamu za homoni hiyo, nazo hupenya ngozi kila siku. Mwili ukiletewa bure miaka yote hiyo, tezi inalala, kama mtu aliyezoea kuletewa maji na jirani akasahau njia ya kisimani. Steroidi hizohizo ndizo zilizokuwa zimeuzima moto wake, ndiyo maana jeraha lilinyamaza na bangili ikasoma mbili na nusu. Kisha Jumamosi jirani akaacha kuleta maji, na siku hiyohiyo vita vikaanza. Alihitaji haidrokotisoni nyingi, upesi. Dawa hiyo ni ya ukoo wa Tulizo, na ukoo mzima umefungiwa kabati moja.

Ilinijia pia kwamba nimeahidi kitu nisichokuwa na uwezo wa kukitimiza.

*

"Andika tezi," aliniambia Luhwago.

Luhwago ni muuguzi mkuu wa zamu, kanizidi miaka kumi na mitano, ana tumbo na ana huruma. Tulikuwa mbele ya kabati, tukizungumza kwa sauti ya chini kwa mazoea, ingawa hakuna kinachofichika mbele ya Sauti. Kioo cha kabati kiliandika: CHAGUA SABABU YA KUPITA KIWANGO. Chini yake kulikuwa na orodha fupi.

"Tezi gani?"

"Hii hapa. Ugonjwa wa tezi wa kuzaliwa nao. Si uongo mkubwa huo, daktari. Tezi zimelala kweli. Kuzaliwa nao, kuupata ukubwani, nani atakwenda kumuuliza mama yake marehemu? Ukiandika mkorogo, unajua kitakachotokea."

Nilijua. Baada ya ule mwaka wa peremende ilitungwa Sheria ya Kauli. Dawa yoyote ya ukoo wa Tulizo haitoki kabatini mpaka Sauti itangaze kitandani, kwa Kiswahili cha kueleweka, ni dawa gani na inatolewa kwa nini, na ndugu wawili wa mgonjwa wasikie na kuweka viganja vyao kwenye kibao. Wajane kama yule wa Mwalimu Sanga ndio walioidai sheria hiyo, na niliiunga mkono kwa mikono miwili. Ndugu waliokuwepo walikuwa wawili tu, mume na wifi. Winfrida alikuwa chuoni Morogoro.

"Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua," Luhwago aliendelea, "lakini wahenga hawakuwa na mume kama yule. Umemsikia habari za gauni ya bluu? Mwanamke akipona hapa akute ndoa imekufa, tumemtibu nini?"

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya neno *tezi*. Naungama. Ningelibonyeza kama nisingekumbuka kwamba Sauti hujifunza. Kila sababu inayoandikwa kwenye kabati lolote humezwa nayo, na kabla ya siku tatu kupita hospitali zote mia mbili na kumi na mbili zinakuwa zimefundishwa jambo hilo. Mgonjwa mwingine akija na jeraha lenye adabu na moto mdogo, Sauti itauliza kama mama yake mzazi alikuwa na ugonjwa wa tezi. Na kauli ikishatangazwa haifutiki kimyakimya. Kuifuta kunahitaji kikao, na kikao kingewaita ndugu walewale wawili.

"Nionyeshe vifo vya moto mdogo visivyojulikana sababu," niliiambia Sauti. "Mwaka huu, nchi nzima."

Vilikuwa thelathini na vinane. Wanawake thelathini na watano. Mfanyabiashara wa vitenge, Tunduma, miaka thelathini na mmoja, jipu. Mwalimu, Kahama, arobaini na nne, nimonia. Bibi harusi, Masasi, ishirini na sita, figo. Nilipitisha kidole chini haraka, na mbele ya kila jina, kwenye kisanduku cha swali la dawa, paliandikwa neno moja. Hapana. Hapana. Hapana. Wote hao waliulizwa kuhusu dawa, na wote wakajibu ukweli wanaoujua. Hakuna aliyewauliza wanapaka nini.

"Luhwago," nikasema, "hawa nao walikuwa wanapaka mafuta tu."

Alisoma kioo mpaka mwisho. Kisha akavua miwani.

"Basi nenda kamwombe ruhusa," alisema. "Usimwibie."

*

Presha ilikuwa hamsini na nane. Midomo ya Melania ilikuwa imekauka. Niliinama mpaka sikio langu likakaribia mdomo wake.

"Mama Winfrida, dawa ya kukuokoa ipo. Haitoki mpaka niseme sababu, na mume wako atasikia."

"Uliahidi."

"Niliahidi kabla sijajua. Wako wengine, mama. Wanakufa kwa jambo hilihili na hakuna anayejua."

"Mimi siwajui hao," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini akili ilikuwa yake. "Wewe nakujua. Umeniahidi."

"Nikikaa kimya utakufa leo. Kabla ya mchana."

"Nimekuambia hapana."

Kisha macho yake yakapanda juu, na bangili ikaanza kulia. Sitajifanya kwamba kuzimia kwake kulinipa ruhusa. Sheria ingenitetea, maana inasema mgonjwa asiyejitambua huamuliwa na daktari. Lakini alikwisha kuamua akiwa na fahamu zake zote, na mimi nilimsikia vizuri.

Nilikwenda kabatini nikaandika kwa mkono wangu, kwa kuwa kwenye orodha halikuwepo: *mkorogo*.

Kastori na Eufrasia waliitwa ndani. Luhwago alifungua pazia nusu tu, lakini wodi yetu ina vitanda sita na Sauti haijui kunong'ona.

"Ndugu wa Melania Nyaulingo," ilisema. "Daktari Subilaga Mwasaga anaomba kumpa mgonjwa wenu haidrokotisoni, dawa ya ukoo wa Tulizo. Sababu: mgonjwa amepaka mkorogo wenye steroidi kwa zaidi ya miaka kumi na tisa, na mwili wake hauwezi tena kutengeneza homoni ya kuhimili maradhi. Mkiwa mmesikia na kuelewa, wekeni viganja."

Bibi wa kitanda cha tatu alisema "Mh!" kisha akageukia ukutani, kwa heshima.

Eufrasia aliweka kiganja palepale, kabla Sauti haijamaliza neno la mwisho. Kastori hakusogea.

"Mashine imekosea," alisema. "Daktari, iambie. Mke wangu hapaki kitu. Ndivyo alivyozaliwa."

"Haijakosea, baba. Weka mkono, tafadhali. Hatuna muda."

"Nitasainije uongo? Naishi naye nyumba moja miaka yote hii! Si kuna mtu amechanganya damu? Pimeni tena."

"Kaka," Eufrasia alisema. "Weka mkono."

"Wewe nyamaza. Wewe unajua nini?"

"Mimi ndiye ninayemkorogea."

Kofia ilianguka. Eufrasia alizungumza akiwa anamtazama wifi yake kitandani, na kiganja chake hakikubanduka kwenye kibao.

"Kila mwezi. Namletea kwenye kopo la samli, unalipokea wewe mwenyewe mlangoni na kusema asante dada. Alikuwa rafiki yangu kabla hajawa wifi yangu. Nilimtaka aolewe kwetu. Mama akamwona sokoni akasema, mwanangu haniletei mkaa ndani ya nyumba. Melania akaja kwangu analia. Nikamkorogea, miezi mitatu, halafu ndiyo nikakuita uje umwone. Nilidhani atapaka mpaka harusi ipite. Harusi ikapita, na wewe ukawa husemi kingine, nuru yangu, nuru yangu. Angeacha saa ngapi?" Sauti yake ilipasuka. "Tangu saa moja nimesimama hapa najua, na sikusema. Nilikuwa namwacha afe kwa sababu yako. Weka mkono, Kastori."

Presha ilisoma hamsini na mbili. Nilitaka kumshika mkono yule mwanaume nimwekee kwa nguvu, na sheria hairuhusu.

Kastori alimtazama mkewe. "Hata Pasaka?" aliuliza. Nadhani hata yeye hakujua anauliza nini.

Aliweka kiganja. Kabati likafunguka.

*

Haidrokotisoni haina mbwembwe. Unasukuma miligramu mia moja mshipani, unasimama, unatazama namba za presha. Dakika ishirini hakukuwa na lolote. Kisha presha ikafika sitini. Kisha sabini na nne. Adhuhuri ilikuwa tisini, na mkojo ulikuwa umeanza kuonekana kwenye mfuko. Luhwago aliuinua juu dirishani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Saa nane mchana ilikuwa mia moja na tano kwa sitini, na jeraha, kwa kuwa dawa za bakteria nazo zilikuwa zimeshika, lilianza kuwa jeraha la kawaida. Nilikwenda chooni nikalia, kisha nikanawa uso.

Kastori alinikuta koridoni. Nilijiandaa kutukanwa.

"Sasa atatumia nini?" aliuliza.

Nilimweleza. Asipake tena, lakini pia mwili usikatwe ghafla. Atameza vidonge vya homoni ileile, vingi mwanzoni, vikipungua kidogo kila wiki, labda mwaka mzima, mpaka tezi zikumbuke kazi. Akiugua hata mafua, dozi iongezwe. Akiacha mwenyewe, yatarudi ya leo.

"Na ngozi?"

"Itarudi rangi yake."

"Ipi?"

"Yake, baba. Aliyozaliwa nayo."

Alisimama akikunjakunja kofia. "Sijawahi kuiona," alisema. "Miaka kumi na tisa, daktari. Sijui mke wangu anafananaje." Nikamshika bega. Akaondoka, na nilidhani ameondoka moja kwa moja. Alirudi alasiri na kopo la samli ndani ya mfuko wa mbolea, limefungwa kwa kamba mara tatu, akamkabidhi Luhwago. "Makombo hayo," alisema. "Kapimeni. Mjue ni nini." Maabara ilikuta steroidi aina tatu na zebaki.

Siku ya tatu Sauti ilikuwa na swali jipya. Niliisikia ikimuuliza msichana aliyeletwa na jipu la kwapa: "Unatumia dawa yoyote?" Akasema hapana. "Unapaka nini?" Msichana akamtazama mama yake, kisha akanitazama mimi. Tulimtoa mama nje kwanza. Hilo nilikuwa nimejifunza, kwamba swali liulizwe ndugu wakiwa mbali, na kila daktari aliyeniandikia wiki hiyo nilimwambia hivyo hivyo. Waliniandikia kutoka Kahama, Lindi, Mpanda. Wanawake saba walikuwa wamepona mpaka Jumapili. Niliandika pia barua ndefu kuomba Sheria ya Kauli irekebishwe, kabati liweze kumwambia mgonjwa peke yake. Bado sijajibiwa.

Melania hakuzungumza nami. Alizungumza na Luhwago, na bibi wa kitanda cha tatu, na mfagiaji. Eufrasia alipokuja walishikana mikono kutwa bila maneno, halafu siku moja nikawasikia wanacheka, kicheko kile cha mawifi cha kumsema mtu. Mumewe alileta uji asubuhi na jioni. Alikuwa anaketi mbali kidogo na kitanda, si kwa ukali, kama mgeni asiyejua kiti chake. Mimi nikiingia, Melania aligeuza uso. Nilimpima presha, nikamtazama mguu, nikatoka. Siku nane.

Siku ya tisa nilikwenda kumwandikia ruhusa. Alikuwa amevaa, amekaa ukingoni mwa kitanda, kitenge kichwani. Kwenye paji la uso, pembeni, ngozi ilikuwa imeanza kutoka madoa ya kahawia.

"Ningekufa kweli?" aliuliza. Ilikuwa mara yake ya kwanza kunisemesha.

"Ndiyo."

"Siku ileile?"

"Kabla ya adhuhuri."

"Luhwago ameniambia kuna wengine waliopona. Saba."

"Kumi na mmoja sasa."

Nilitaka aseme kwamba nilifanya sawa, nilitaka sana, na nikaona aibu kwa kutaka.

"Kastori hajaniuliza kitu," alisema. "Ananiangalia tu. Usiku nikijifanya nimelala, najua ananiangalia. Sijui anamtafuta nani." Alifunga kifungo cha juu cha sweta. "Ulikuwa na haki ya kuniokoa labda. Kuniahidi, hukuwa nayo."

"Ni kweli, mama. Nisamehe."

"Bado."

Nilimpa karatasi ya vidonge, nikamweleza mwenyewe, dozi kwa dozi, kisha nikasita kwenye mstari wa mwisho. Nilimwambia kuna daktari mwingine mzuri hospitali ya Njombe mjini, naweza kumwandikia aende kwake, asilazimike kuniona.

Aliichukua karatasi, akaisoma yote, midomo ikitembea.

"Njombe mbali," alisema. "Andika tarehe ya hapa. Nitakuja kwa ajili ya vidonge. Sitakuja kukusalimia."

Niliandika tarehe.